Kasanduku ka Kadutu

Juu ya friji ya chanjo, zahanati ya Kadutu,
nilibandika kasanduku kadogo kama kiberiti.
Kazi yake moja: kupima baridi kila dakika tano
na kuipeleka kwa kompyuta ya Nyawera.
Nsimire, muuguzi wa zamu, akaniuliza,
"Na haka kanakaa wapi?"
Nikacheka. Si unakaona? Hapa, juu ya friji.
Sikujua kwamba ameuliza swali lenyewe.

Umeme wa Bukavu hukatika bila hodi,
pasi ikiwa juu ya kola, mtoto akiwa mezani.
Ukirudi, ruta imesahau wapangaji wake wote,
na kasanduku kanabisha upya: naomba nambari.
Chukua ishirini na tatu, kwa saa moja.
Jana ilikuwa kumi na nane,
juzi arobaini,
na Nyawera bado inagonga mlango wa juzi
anaoishi sasa simu ya mlinzi.

Ndivyo tulivyopoteza usiku ule wa Machi:
saa kumi na moja, grafu nyeupe.
Asubuhi Nsimire alitupa chupa arobaini na mbili za surua,
moja moja, akizihesabu kwa Mashi,
kwa sauti ya mtu anayehesabu deni la mwenzake.
Pengine zilikuwa nzima.
Hakuna aliyejua,
na kisichojulikana hakidungwi mtoto.

Nikarudi na kompyuta na hasira.
Nikaiandika nambari ndani kabisa ya kumbukumbu yake:
mia moja tisini na mbili, nukta,
mia moja sitini na nane, nukta,
moja, nukta, sabini na saba.
Hii ni yako. Usiombe mtu tena.

Wiki tatu, amani.
Kisha duka la dawa likanunua printa,
na ruta, isiyojua ahadi zangu, ikaipa sabini na saba.
Wawili wakaitikia jina moja.
Ujumbe wa huyu ukaingia kwa yule;
printa ikatema karatasi tupu,
kasanduku kakanyamaza.

Niliyajua hayo kabla sijajua waya ni nini.
Bwana Chirimwami alikula garanti mbili kwa nyumba moja,
na mama yangu akakutana mlangoni
na mwanamke wa Walungu, kila mmoja na godoro lake,
kila mmoja na risiti.
Tulilala sebuleni familia mbili, siku kumi na tisa.
Nani alikuwa na haki? Wote.
Haki haikuongeza chumba.

Kwa hiyo sasa nimeandika hivi:
omba kwanza, kwa adabu.
Ukipewa, shika, na wewe ndiwe utangulie
kuisalimu Nyawera kwa jina lako, isikutafute.
Ukisubiri hadi ishirini, kimya,
chukua mia mbili arobaini,
huko juu ambako ruta haipangishi mtu.
Ruta ikiamka, rudi uombe.
Na nikaweka kitufe, cha kubonyeza sekunde tano,
siku mashine na mtu wasipoelewana.

Alhamisi, mvua ya Kahuzi ikashuka,
umeme ukaenda nikiwa bado na bisibisi mdomoni.
Ruta ikafa. Kasanduku, kwa betri yake, kakaomba,
kakaomba tena.
Nsimire alihesabu nami gizani,
kumi na saba, kumi na nane,
taa ya kijani ikapepesa mara mbili.
Akaunga simu yake moja kwa moja: nne nukta mbili.
"Haya," akasema, akarudi kwa wamama wa benchi.

Mimi nikabaki nikikausha bisibisi kwa shati.
Mwezi ujao tunahamia Panzi.
Mama ameshafunga masufuria,
ila moja,
kwa sababu kesho tutakula.